Barua ya wazi kwa wanaotunga na kukusanya kodi: anayepinga ana hesabu zake

Kwa Waziri wa Fedha, Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Bajeti.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mtunza hesabu wa wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo, kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20, na nikiwa mlipakodi ambaye hajawahi kuona fahari katika kukwepa. Kila mwaka inapokaribia Juni, wateja wangu huacha kuniuliza habari za mauzo na kuanza kuniuliza kitu kimoja tu, nacho ni kodi gani mpya inakuja. Swali hilo huulizwa kwa hofu, na hofu hiyo ina gharama kwa uchumi ambayo haionekani katika kitabu chochote cha bajeti. Ningependa kuieleza, kwa sababu naamini kwamba upinzani dhidi ya kodi nchini mwetu umesomwa vibaya kwa muda mrefu, mara kama ukaidi, mara kama siasa za vyama, mara kama uchoyo wa watu wasiotaka kuchangia maendeleo yao.

Mimi ni mzaliwa wa Upare, katika milima ya kaskazini mashariki mwa nchi, na nyumbani kwetu habari hii ina jina. Inaitwa mbiru. Katika miaka ya vita kuu ya pili ya dunia, serikali ya kikoloni kwa kupitia machifu ilileta kodi ya ziada ambayo kila mtu alitakiwa kulipa kulingana na mali yake, huku mali hiyo ikikadiriwa na watu waliowekwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi huko wakidai kodi hiyo ifutwe. Kwa maneno ya karatasi, kodi hiyo ilikuwa ya haki kuliko kodi ya kichwa, kwa kuwa ilimtaka tajiri alipe zaidi ya maskini. Hata hivyo watu waliikataa, na walioikataa walikuwa tayari kuendelea kulipa kodi ya zamani ya kiwango kimoja. Hawakukataa kulipa. Walikataa kukadiriwa na mtu ambaye hawakuweza kumhoji, aliyehesabu mbuzi wa mwenzake kwa jicho moja na mbuzi wa jamaa yake kwa jicho jingine. Mbiru hatimaye iliondolewa, na wazee waliotusimulia habari hiyo walituambia jambo ambalo nimelikuta tena na tena katika madaftari ya Kariakoo: kodi nzuri iliyokadiriwa vibaya ni kodi mbaya.

Nianze na tozo ya miamala ya simu, kwa kuwa ndiyo iliyogusa watu wengi zaidi kwa wakati mmoja. Ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Ndani ya siku chache kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Rais alielekeza iangaliwe upya, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda Mahakama Kuu kuipinga. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, lakini wakati huohuo tozo ikapanuliwa hadi kwenye benki, na makato yalipoanza kuonekana kwenye akaunti Agosti, kelele zikarudi upya. Oktoba 2022 serikali ikaondoa tozo ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu na kupunguza viwango vingine. Kisha bajeti ya mwaka 2023/24 ikaifuta kwa anayetuma, ikabaki kwa anayetoa fedha taslimu. Ndani ya miaka miwili tozo moja ilibadilishwa mara nne.

Wapo walioyatazama mabadiliko hayo wakasema ni ushahidi wa serikali sikivu. Nakubali kwamba kusikia ni bora kuliko kutosikia, na wapo majirani zetu waliolipa gharama ya damu kwa serikali kuchelewa kusikia. Lakini naomba mtazame jambo hilo kutoka upande wa aliyekaa dukani. Mteja wangu mmoja anayeuza vitenge kwa jumla alikuwa na wanunuzi Mbeya, Tabora na Kigoma waliomlipa kwa simu, na kwa sababu hiyo kila malipo yaliacha kumbukumbu ambayo mimi niliweza kuiingiza kwenye hesabu zake. Tozo ilipoanza, fedha ileile ilikatwa ilipotumwa na ikakatwa tena ilipotolewa, juu ya ada ya huduma ambayo tayari ilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa ndani yake. Wanunuzi wake wakaanza kumtumia fedha taslimu ndani ya bahasha, kwa mikono ya makondakta wa mabasi. Wengine wakasubiri hadi wapate mtu wa kuja Dar es Salaam, na biashara iliyokuwa ikizunguka mara tatu kwa mwezi ikazunguka mara moja. Kumbukumbu zikapotea. Viwango viliposhuka wengine walirudi kwenye simu, lakini si wote, kwa sababu mtu aliyeshtuliwa mara moja hujifunza njia ya pembeni, na akishaizoea haiachi kwa tangazo la redioni.

Hasara ya tozo ile, kwa maoni yangu, haimo katika shilingi zilizokatwa. Imo katika kuwarudisha kwenye fedha taslimu watu ambao kwa zaidi ya miaka 10 walikuwa wamezoea kulipana kwa simu na hivyo kuonekana. Nchi ambayo makusanyo yake ya kodi yamekuwa takriban asilimia 12 hadi 13 tu ya pato la taifa inahitaji watu waonekane kabla ya kuhitaji watozwe. Wakala wa mtaani aliyepoteza kamisheni, mama aliyemwambia mwanawe wa mjini asitume fedha mpaka mwisho wa mwezi ili makato yawe mara moja, hao wote walitujulisha kwa vitendo kwamba kodi imewekwa mahali pasipofaa. Muamala si kipato. Mtu anayemtumia mama yake fedha za dawa hajapata faida yoyote ambayo serikali inaweza kudai sehemu yake.

Nasikitika kusema pia kwamba waliopinga tozo hawakuwa wakweli katika kila jambo. Wanasiasa wengi, wa upinzani na hata wa chama kinachotawala, walisimama na wananchi kudai ifutwe bila kusema pengo lijazwe na nini, huku vituo vya afya na madarasa yaliyojengwa kwa fedha hizo yakiwa yanaonekana kwa macho. Pengo lilijazwa. Bajeti hiyohiyo ya 2023/24 iliyofuta tozo ya kutuma iliweka nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, ambayo ni shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Kelele zilikuwa ndogo zaidi. Sidhani kwamba ni kwa sababu mzigo ulikuwa mwepesi zaidi. Ni kwa sababu mnunuzi wa saruji haletewi ujumbe wa simu unaomwambia amekatwa kiasi gani. Ninawaomba msichukue somo baya hapo. Kodi iliyofichwa ndani ya bei hupunguza makelele, lakini nauli ya daladala, bei ya nyanya zilizotoka Iringa na gharama ya kumalizia chumba kimoja cha nyumba hupanda palepale, na mwananchi asiyejua kwamba amelipa kodi hawezi kuuliza imekwenda wapi.

Jambo hilo la kufichwa linanikumbusha kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na tangu 2023 shilingi 1,500. Ni rahisi kuikusanya, na kwa hilo naisifu. Hata hivyo kwa sheria anayedaiwa ni mwenye nyumba, ilhali anayenunua umeme katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ni mpangaji. Tuliambiwa kwamba wawili hao wataelewana wenyewe. Katika nyumba za kupanga ninazozifahamu, mpangaji anayetaka kuendelea kuishi kwa amani haendi kudai shilingi 1,500 kwa mwenye nyumba.

Sasa niingie Kariakoo, ambako nina mengi ya kusema. Tarehe 15 Mei 2023 maduka yalifungwa, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu alikutana na wafanyabiashara katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akawasikiliza kwa saa nyingi na kuagiza kikosi kazi cha kodi kiache kamatakamata. Tarehe 24 Juni 2024, baada ya mwaka mmoja na mwezi mmoja, maduka yalifungwa tena, na safari hii mgomo ukasambaa hadi Mwanza, Mbeya, Arusha, Dodoma na Iringa. Malalamiko mengi yalikuwa yaleyale. Wiki hiyohiyo, tarehe 25 Juni, vijana wa Kenya waliokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha waliingia ndani ya Bunge lao, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Muswada ule ulikusudia kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 300 za Kenya ili kukabiliana na madeni. Baada ya kuanguka kwake, kampuni ya Moody's iliishusha Kenya katika viwango vya ukopaji, na Desemba mwaka huohuo baadhi ya mapendekezo yalirudi kupitia sheria nyingine. Familia zilizozika watoto wao hazikurudishiwa chochote. Natamani sana nchi yetu isifike hapo, na ndiyo maana naona migomo miwili ya Kariakoo, iliyofanywa na watu waliofunga milango yao na kukaa kwa utulivu, kuwa ni onyo lililotolewa kwa adabu.

Serikali imekuwa ikisema, na ni kweli, kwamba wafanyabiashara wengi hawatoi risiti. Mnunuzi akiingia katika fremu huulizwa kama anataka bei ya risiti au bei isiyo na risiti, na tofauti yake anaijua kila mtu. Sitatetea uongo. Lakini naomba mnipe nafasi ya kuwaonyesha hesabu moja, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani amenunua nguo za shilingi milioni 10 kutoka kwa mwagizaji, naye anaziuza kwa shilingi milioni 11. Akiwa amepewa risiti halali wakati wa kununua, ndani ya milioni 11 alizopokea kuna kodi ya takriban shilingi 1,678,000, na ndani ya milioni 10 alizolipa kuna kodi ya takriban 1,525,000 ambayo anaruhusiwa kuipunguza katika kodi anayodaiwa. Atalipa serikali tofauti yake, kiasi cha shilingi 153,000, na faida yake itabaki. Sasa mchukulie mtu huyohuyo aliyenunua mzigo uleule bila risiti, kwa sababu mwagizaji aliyeuleta kutoka China aliuweka katika kontena la kuchangia pamoja na mizigo ya watu wengine 30, na nyaraka za forodha ziko kwa jina la mtu mmoja asiyejulikana alipo. Huyu hana cha kupunguza. Akitoa risiti kwa kila anachouza, atadaiwa shilingi 1,678,000 juu ya biashara iliyompa faida ya milioni 1. Kutoa risiti kutamfilisi kabla ya mwaka kwisha. Kutotoa risiti kutamfanya aishi kwa kumkimbia ofisa, na akikamatwa atapigwa faini au atatafuta njia ya kuelewana naye, na nyote mnajua njia hiyo inakwenda wapi.

Huyo ndiye mtu mliyempelekea kikosi kazi. Kosa lilianzia bandarini na katika ghala la mwagizaji, lakini msako ulikuwa mlangoni mwa muuzaji wa rejareja, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana kutoka barabarani. Wakati ule pia palikuwa na sharti la kusajili stoo, ambalo wafanyabiashara walilipinga, na wengi nje ya Kariakoo hawakuelewa kwa nini mtu apinge kusajili chumba cha kuwekea mzigo. Alipinga kwa sababu mzigo uliokuwamo hauna karatasi, na kusajili stoo kungekuwa sawa na kujipeleka mwenyewe. Kisha asipokuwa na karatasi za manunuzi, kodi yake ya mapato nayo haiwezi kupigwa kwa hesabu halisi, kwa hiyo inapigwa kwa makadirio. Neno hilo la makadirio ndilo lililonirudisha Same ya mwaka 1945. Ofisa anaingia, anatazama wingi wa mzigo rafuni, anauliza kodi ya pango, na anaandika kiasi. Jirani mwenye duka la ukubwa uleule anaandikiwa kiasi kingine. Hakuna anayejua kwa nini.

Madhara yake kiuchumi hayakuishia kwa wenye maduka. Kariakoo ni soko la Zambia, Kongo, Malawi na Komoro kwa kadiri ile ile lilivyo soko la Tanzania. Mnunuzi kutoka Lubumbashi ambaye mzigo wake umesimamishwa barabarani akidaiwa risiti ambayo muuzaji hakumpa, hukata shauri la kwenda kununua kwingine, na anapoondoka huondoka pamoja na kazi ya mbeba mzigo, dalali, mwenye nyumba ya wageni, mama wa chakula na dereva wa lori. Hao wote hawana fremu ya kufunga ili kugoma, na malalamiko yao hayakusikika Mnazi Mmoja.

Nakumbuka pia kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliendelea kuiita kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mgambo waliweka vizuizi njiani siku za gulio, wanaume wakalala porini, na watu wakaacha kupeleka mazao sokoni. Kufutwa kwake kulikuwa haki. Lakini halmashauri zikabaki zikitegemea ruzuku ya Hazina kwa sehemu kubwa ya mahitaji yao, na diwani ambaye zamani angeulizwa na walipakodi wake sasa anawaambia kwamba fedha hazijaja kutoka juu. Kodi ikikusanywa vibaya mpaka ikalazimu kufutwa, tunapoteza pamoja nayo ile haki ya kuulizana. Kwa hiyo siwaombi mfute kodi. Nawaomba mzipange kwa namna ambayo hamtalazimika kuzifuta.

Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, iliyozinduliwa mwaka 2024 baada ya mgomo wa pili, ilipokea maoni ya watu wengi, na mimi ni mmoja wa waliofurahi kuona inaundwa. Ombi langu la kwanza ni kwamba mnapoandaa muswada wa fedha unaofuata, mapendekezo ya kodi yatangazwe miezi kadhaa kabla, pamoja na hesabu zake: nani atalipa, serikali inatarajia kupata nini, na biashara inatarajiwa kupungua kiasi gani. Hivi sasa hotuba inasomwa katikati ya Juni na sheria inaanza tarehe 1 Julai. Muda huo hautoshi hata kwa mimi kuwaeleza wateja wangu, sembuse wao kutoa maoni.

Pia viwango viwekwe ndani ya sheria yenyewe na vijadiliwe na wabunge. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inataka kodi itozwe kwa sheria iliyotungwa na Bunge, lakini makato ya tozo ya miamala kwa kila kiasi yaliwekwa kwa kanuni za waziri, na ndiyo maana sheria ilipitishwa kabla ya kuonekana mchanganuo wa makato ambao wapiga kura walikuja kuuona kwenye simu.

Kwa Kariakoo, anzeni na mwagizaji. Wekeni utaratibu wa forodha ambao kila mwenye mzigo ndani ya kontena la kuchangia anapata nyaraka kwa jina lake na kwa thamani aliyolipa kweli, na wapeni wafanyabiashara kipindi maalumu cha kuingiza mizigo ya zamani katika vitabu bila adhabu. Kipindi hicho kikiisha, asiyetoa risiti ashughulikiwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaambia wateja wangu kwamba hawana tena kisingizio. Makadirio yaandikwe pamoja na sababu zake, kwenye karatasi anayobaki nayo mlipakodi, na marufuku ya kamatakamata ambayo Waziri Mkuu aliitamka mwaka 2023 iingizwe katika sheria ya usimamizi wa kodi, kwa kuwa agizo la jukwaani lilidumu mwaka mmoja tu.

Niko tayari kuja Dodoma na madaftari, kwa ridhaa ya wenyewe na majina yao yakiwa yamefutwa, mkaone mahali ambapo hesabu zinakatika kati ya kontena na rafu. Wapo watunza hesabu wenzangu wa Mwanza na Mbeya ambao wangefanya vivyo hivyo wakiitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza hesabu wa biashara ndogo,
Kariakoo, Dar es Salaam